Paspoti ya Uingereza, makazi Hispania, mama anaumwa Mombasa: nikikaa kwake mwaka mzima nitapoteza nini?

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Habari kaka. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, nilienda Uingereza 2003, nikafanya kazi ya kea, ya kutunza watu, miaka mingi, uraia wao nikapata 2009. Mume wangu ni Mwingereza, ana miaka 68, anapokea pensheni. Tulihamia Torrevieja Machi 2019 na tukachukua ile karatasi ya kijani ya ukaazi. Mimi nina 54, sifanyi kazi, hospitali natibiwa kupitia ile fomu ya S1 ya mume, Uingereza ndiyo inalipa. Sasa mamangu ana miaka 79, amepata stroku na niko peke yangu kwa mama. Nataka nikakae naye mwaka mzima. 2021 nilikaa huko miezi mitano. Je nitapoteza ukaazi wa Hispania? Nikiugua nikiwa Mombasa inakuwaje? Watu wananiambia nisiogope, mwenye paspoti ya Uingereza anapanda ndege anaenda kutibiwa London bure. Na mume naye anasema afadhali tuhame wote tukaishi Mombasa. Nieleze kwa Kiswahili tafadhali maana mume akianza kunieleza anaishia kukasirikia Brexit."

Dada, salama, na pole sana kwa mama, stroku ni ugonjwa unaomlaza mmoja na kumchosha kila mtu nyumbani. Nianze na hilo la London kwa sababu ndo linaloumiza watu wengi: si kweli, na aliyekwambia hajawahi kuona bili.

NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, haiangalii paspoti, na hili hata Waingereza wenyewe waliozaliwa Leeds hawalijui, wanaamini kwa kuwa walilipa kodi miaka arobaini basi ile hospitali ni yao mpaka kaburini. Wanachoangalia ni kama unaishi Uingereza kwa kawaida, yaani ndiko kwako, ndiko ulikotulia kwa wakati huo. Ukihama ukaenda kuishi nje umetoka, hata kama paspoti ni mpya inanukia. Ukija kama mgeni, England utamwona daktari wa mtaa bure, na chumba cha dharura hawakudai, lakini wakishakulaza wodini au wakikupa miadi ya kliniki ya hospitali mita inaanza kuhesabu, na kwa mgeni asiye na makubaliano yoyote wanatoza asilimia 150 ya bei yao ya kawaida. Kwa matibabu yasiyo ya haraka wanataka hela kabla hawajakugusa. Scotland na Wales na Ireland Kaskazini wana sheria zao, zinafanana lakini usizichukulie kuwa moja.

Wenye afueni hapo wapo. Mumeo yeye, kwa sababu anapokea pensheni ya serikali, S1 yake imeandikishwa Hispania, na alihamia kabla ya 2021, akienda England kutembea anatibiwa na NHS bila kulipa. Wewe uliye chini ya S1 yake usijipe haki hiyo kichwa kichwa, waulize NHSBSA kule Newcastle, ndio wanaotoa hizo S1, na jibu ulipate kwa maandishi. Afueni ya pili ni ya mtu anayerudi Uingereza kuishi kweli, ametua na mabegi yake na mkataba wa nyumba, huyo anahesabiwa mkaazi siku hiyo hiyo aliyotua, hakuna kusubiri miezi sita kama watu wanavyosimuliana. Lakini kurudi kuishi ni kurudi kuishi, mtu wa kuja wiki tatu apigwe picha za kichwa halafu arudi Mombasa hatakuwa amerudi, na wahasibu wa hospitali wanauliza maswali.

Haya, tuje kwenye ukaazi, hapa ndo pana chakula.

Kwanza itoe hiyo karatasi uiangalie tena. Nakwambia hivi kwa sababu kuna karatasi mbili na Waingereza wa huku wamezichanganya miaka yote, kuna ile nyeupe ya NIE ambayo ni namba tu ya utambulisho wa mgeni, anaweza kuwa nayo hata mtu aliyenunua nyumba ya likizo na anaishi Manchester, na kuna ya kijani, nyingine kubwa ukubwa wa ukurasa nyingine kakadi kadogo ka karatasi, hiyo ndo cheti cha kuandikishwa kama raia wa Ulaya, ina neno residente na tarehe. Nimeshakutana na mzee aliyekaa huku miaka minane akiwa na nyeupe tu, ameifunga plastiki vizuri, anaitunza kama hati ya shamba. Wewe umesema kijani na umesema Machi 2019, kama ni hivyo uko pazuri kuliko unavyodhani.

Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya 31 Januari 2020, ikapewa kipindi cha mpito mpaka 31 Desemba 2020. Waliokuwa wanaishi Hispania kihalali kufikia siku hiyo ya mwisho wanalindwa na Mkataba wa Kujitoa, maisha yao yanaendelea karibu kama zamani, na waliokuja baada ya hapo ni wageni kama wageni wengine wowote, siku 90 ndani ya 180, wakitaka kukaa zaidi watafute viza, na viza ile ya wastaafu wasiofanya kazi inataka uonyeshe euro 2,400 kwa mwezi na 600 juu yake kwa mwenzako. Nyinyi wawili mko kundi la kwanza. Tena wewe umo kwa jina lako mwenyewe, kwa uraia wako, si kama mkoba wa mume. Kumbuka hilo, nitalirudia chini.

Sasa huo Mkataba una hatua mbili. Miaka mitano ya mwanzo una ukaazi wa muda, na hapo kutoka nje kuna kikomo, jumla isizidi miezi sita kwa mwaka, isipokuwa mara moja tu unaruhusiwa mpaka miezi 12 mfululizo kwa sababu nzito kama uzazi, ugonjwa mkubwa, masomo au kazi uliyotumwa. Ukiivunja hiyo, umeipoteza hadhi na huwezi kuianza upya maana mlango wa kuingilia ulifungwa 2020. Ukimaliza miaka mitano bila kuvunja, unaingia ukaazi wa kudumu, na huo unapotea tu ukikaa nje ya Hispania zaidi ya miaka mitano mfululizo.

Piga hesabu yako. Machi 2019 mpaka Machi 2024 ni miaka mitano. 2021 ulikuwa Mombasa miezi mitano, iko chini ya sita, umeponea chupuchupu, ungeongeza wiki tano au sita za kumliwaza mama leo tungekuwa tunaongea mambo mengine na pengine ungehitaji wakili. Kwa hiyo kama hakuna safari nyingine uliyosahau kunitajia, haki ya kudumu unayo tangu Machi 2024, unatembea nayo mfukoni hujui. Mwaka mmoja Mombasa haukutoi. Hata mitatu.

Lakini, na hii lakini ni kubwa, kuwa na haki na kuweza kuionyesha kwa askari wa eropoti saa kumi na moja alfajiri ukiwa umechoka ni vitu viwili. Hispania sheria yake ni kwamba haki inakuja yenyewe, kadi inathibitisha tu, tofauti na Ufaransa ambako ilibidi kila Mwingereza aombe upya na aliyechelewa alikuwa na kesi. Karatasi yako ya kijani bado ni ushahidi halali. Tatizo haina picha, haina kidole, inasema wewe ni raia wa Ulaya wakati siku hizi si raia wa Ulaya, na tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya wameanza mfumo wao wa mipakani wa kuandikisha kila mgeni kwa uso na alama za vidole na kumhesabia siku zake. Mwenye kadi ya TIE ya Mkataba, ile kadi ya ukaazi yenye picha na vidole, haingii kwenye hesabu hiyo. Mwenye karatasi ya kijani anategemea askari aliyempata, na wewe, tuseme ukweli tu dada, ukija na sura ya Likoni na paspoti ya Uingereza na karatasi iliyokunjwa mara nne, utaulizwa maswali zaidi kuliko mumeo mwenye karatasi hiyo hiyo. Si haki, ndo ilivyo, usiende kuijaribu.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, nenda ukachukue TIE ya kudumu, ile ya miaka kumi. Fomu ni EX-23, ada unalipia benki kwa karatasi ya modelo 790 namba 012, ni kama euro 12 hivi, unapeleka polisi wa taifa kitengo cha wageni ukiwa na paspoti, karatasi yako ya kijani, picha, na cheti cha karibuni cha padrón, yaani daftari la wakazi, kutoka manispaa. Kwenye fomu chagua ya kudumu, usichague ya muda, kuna watu wamejaza haraka haraka wakapewa ya miaka mitano na sasa wanalia. Beba na ushahidi wa kuwa uliishi huku miaka yote hiyo hata kama hawatauomba, bili za umeme, kitabu cha benki, miadi ya kituo cha afya. Kazi ngumu ni kupata miadi yenyewe, mkoa wa Alicante umejaa Waingereza na mtandao wao unakwambia hakuna nafasi, jaribu asubuhi mapema, jaribu na vituo vya jirani. Siku ya miadi wanachukua vidole, kadi inakuja kuchukuliwa baada ya wiki kadhaa, na lazima uende mwenyewe. Ndiyo maana nasema kabla ya tiketi.

Ukishaondoka usifute padrón kama nyumba bado ni yenu na unarudi, mumeo yupo, manispaa wakituma barua ya kuthibitisha ajibu. Weka nakala za tiketi zako zote. Mwaka ukigeuka mmoja na nusu, sawa, ila uwe unajua uliondoka lini.

Matibabu sasa, na hapa ndo nina wasiwasi na wewe kuliko kwenye ukaazi.

Hiyo S1 maana yake ni kwamba Uingereza inailipa Hispania gharama zenu, wewe unaenda kituo cha afya na kadi yako ya afya, ile ya sip, kama Mhispania yeyote lakini mwenye kulipa yuko ng'ambo. Mwenye haki ni mumeo kwa sababu ya pensheni, wewe umeandikwa kama tegemezi. Mambo mawili yanatoka hapo. La kwanza, S1 ni ya Ulaya, Mombasa haina kazi, na ile kadi ya matibabu ya safarini ya GHIC ambayo Waingereza wanaibeba kama hirizi nayo Kenya si kitu, hakuna makubaliano yoyote ya matibabu kati ya Kenya na Uingereza, Tanzania vile vile. La pili, tegemezi anatakiwa awe anaishi huko alikoandikishwa, ukiondoka mwaka mzima uwaulize INSS, ofisi ya hifadhi ya jamii ya Hispania, mapema wanataka nini ili usirudi ukakuta jina limefutwa, na ukikuta limefutwa usiogope, unaandikishwa tena, ni usumbufu tu.

Kwa hiyo Mombasa unahitaji bima yako. Angalia mtego huu: bima za safari za Uingereza nyingi zinataka uwe mkaazi wa Uingereza na daktari wa huko, mtu ananunua mtandaoni kwa paundi chache, anaandika anwani ya dada yake wa Luton, siku ya kudai wanauliza unaishi wapi, anasema Hispania, mchezo umeisha. Hilo lilinipata mimi mwenyewe zamani kwa mguu uliovunjika, kampuni sitaitaja, kosa lilikuwa langu kwa nusu, nililipa mwenyewe na nikajifunza kusoma maandishi madogo. Nunua bima ya mkaazi wa Hispania, tena ya muda mrefu, maana za kawaida safari moja ikizidi siku walizoandika zinakata, na nyingi hazifiki hata miezi mitatu.

Au kuna njia nyingine kwako ambayo mumeo hana, na hapa nakuuliza swali. Uraia wa Uingereza umepata 2009, ule wa Kenya uliurudisha? Kwa sababu katiba ya zamani haikuruhusu uraia pacha, ulipokula kiapo kile cha Waingereza ule wa Kenya ulipotea siku hiyo hiyo hata kama kitambulisho kiko kabatini mpaka leo. Katiba iliyoanza 27 Agosti 2010 ndo iliruhusu mbili, na ikasema aliyezaliwa Mkenya akapoteza anaweza kuomba arudishiwe. Kuomba, haurudi wenyewe. Naona watu wengi wa umri wetu wamekaa na hili hawajui, wanaingia Kenya na eTA, kile kibali cha mtandaoni, kama watalii halafu wanashangaa kugongewa siku. Ukiwa umeurudisha unakaa kwa mama muda unaotaka, unaandikishwa SHA, bima ya afya ya serikali, ile iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, kwa asiye na mshahara wanakukadiria asilimia 2.75 ya kipato, chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi na unalipa ya mwaka mzima mbele. SHA ina malalamiko yake, wewe na mama mtayaona, hospitali nyingine zinaipokea leo kesho zinaikataa. Kwa dharura kubwa bado ningekuwa na bima ya pembeni. Ila kwa mama mwenyewe hakikisha imelipwa, usisubiri siku ya kulazwa.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza.

Umewahi kufikiria mama aje kwako badala ya wewe kwenda? Mkataba wa Kujitoa unakuruhusu kuletewa ndugu wa damu wa karibu ambao undugu wenu ulikuwepo kabla ya 31 Desemba 2020, na wazazi wamo humo, ilimradi wanakutegemea. Mama ni mama tangu ulipozaliwa, hilo hamna wa kulipinga. Uingereza kwenyewe kumleta mzazi ni karibu muujiza, tangu 2012 walipobadilisha sheria inabidi uthibitishe kwamba huko alipo hakuna kabisa mtu wala hela inayoweza kumtunza. Yaani wewe raia wao una nguvu zaidi ya kumleta mama Torrevieja kuliko kumpeleka Luton, ajabu ya Brexit hiyo, mwambie mumeo acheke kidogo.

Kutegemea ndo kunatakiwa kuthibitishwa. Hela unayomtumia kila mwezi, ionekane, iwe na jina lako na lake, iwe ya muda mrefu na iwe ya mahitaji kweli, chakula, dawa, msichana wa kazi. Wengi wetu tunatuma kwa M-Pesa kupitia binamu, binamu anatoa kwa wakala, anampelekea bibi mkononi, mbele ya ofisa wa Kihispania hiyo haipo. Anza leo kutuma moja kwa moja.

Kikwazo kikubwa hapo ni matibabu yake na si viza. Mzazi anayekuja kama tegemezi wako wanaweza kutaka awe na bima kamili, na niambie kampuni gani itamkatia mama wa miaka 79 aliyeshapata stroku, ikimkatia wataitoa stroku nje ya bima, na bima iliyotoa ugonjwa wenyewe nje ofisi itaikataa. Kuna mpango wa Hispania unaitwa convenio especial, unalipa euro 157 kwa mwezi ukiwa umepita 65, au 60 ukiwa chini ya hapo, na hawakukatai kwa ugonjwa uliokuwa nao, lakini unataka mtu awe ameshakaa mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza ndo shimo. Na dawa za famasi, hata alizoandika daktari, unalipa zote mwenyewe. Hapo ningetafuta wakili wa huku anayejua kesi za Mkataba, si yule wa kununua nyumba, umlipe saa moja umwonyeshe faili. Na pengine mama mwenyewe hataki, wazee wa pwani ukiwaambia baridi ya Januari na hakuna mtu wa kumwambia shikamoo wanakutazama tu.

Mume na wazo lake la kuhamia Mombasa wote. Sina neno na Mombasa. Lakini akae chini na kalamu. Pensheni ya Uingereza ukiishi Hispania inapanda kila Aprili, ukiishi Kenya haipandi, inagandishwa pale pale ilipokuwa siku ulipohama. Marekani inapanda, Jamaika inapanda, Mauritius inapanda, Kenya na Tanzania na Afrika Kusini na Canada hazipandi, ni makubaliano ya zamani tu, hakuna mantiki ya kuitafuta. Wastaafu walipeleka kesi mpaka mahakama ya haki za binadamu Strasbourg wakashindwa 2010. Mtu aliyeanza na pensheni kamili ya mfumo mpya Aprili 2016 akahamia Kenya alianza na paundi 155.65 kwa wiki na anapokea hiyo hiyo mpaka leo, mwenzake wa Torrevieja kuanzia Aprili 2026 anapokea 241.30. Tofauti ni zaidi ya paundi 4,400 kwa mwaka, na inakua. Akirudi kuishi Uingereza au Ulaya inapandishwa kuwa ya leo, lakini ya nyuma hailipwi.

Na S1 inakufa siku mliyohama Ulaya. Mzee wa 68 Mombasa bila S1, bila NHS, na bima binafsi inayopanda kila siku yake ya kuzaliwa. Kibali chake mwenyewe akiomba kama mstaafu, daraja K, wanataka kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka, pensheni ya serikali peke yake haifiki. Wewe ukiurudisha uraia wa Kenya ataweza kupitia ndoa, nafuu zaidi. Bado nasema mwache akae Torrevieja huo mwaka, aje Mombasa miezi miwili mitatu Desemba, S1 inabaki, pensheni inapanda, na barua ya kuthibitisha kuwa yuko hai ikitumwa na watu wa pensheni iwe na mtu wa kuijibu, maana isipojibiwa wanasimamisha malipo wala hawabembelezi.

Kuna swali hukuuliza ila limo katikati ya mistari, na nisamehe kulisema. Yeye ana 68. Akitangulia, ukaazi wako hauguswi, nilikwambia umo kwa jina lako. Lakini matibabu yako yanakatika naye kwa sababu S1 ilikuwa yake. Pensheni yake ya mfumo mpya nayo hairithiwi hivi hivi, labda nusu ya kipande cha ziada kama alikuwa nacho na ndoa yenu ni ya kabla ya 6 Aprili 2016. Kuna malipo ya kufiwa, paundi 2,500 na 100 kila mwezi kwa miezi 18, kama huna watoto wadogo, unayapata hata ukiwa Hispania. Kwa afya ungeenda INSS na TIE yako ya kudumu uombe kuandikishwa mwenyewe kwa kuwa hakuna nchi inayokulipia, au ulipe ile convenio ya euro 60. Pengo hilo ni mpaka ufike 67, maana wewe umri wako wa pensheni ni 67, hapo utakuwa na S1 yako. Ulifanya kea miaka kama kumi na tano, unahitaji kumi tu kupata chochote, na kila mwaka ni moja ya thelathini na tano ya pensheni kamili, kwa hiyo yako inasoma kama paundi 103 kwa wiki kwa bei ya 2026. Unaweza kununua miaka ya ziada, ila ile njia ya bei nafuu kwa walio nje imefungwa tangu 6 Aprili 2026, imebaki ya bei kubwa. Fungua akaunti yako kwenye mtandao wa serikali yao uone miaka yako halisi, kampuni za kea hazikuwa waaminifu wote kwenye kupeleka michango, angalia mwaka kwa mwaka na kama una payslipu za zamani usitupe hata moja.

Mama anakusubiri, najua unataka kuondoka hata kesho. Ukilazimika kwenda kabla ya kadi kutoka, nenda, haki unayo, lakini beba cheti cha kijani chenyewe si nakala, cheti kipya cha padrón, na uwe na miadi ya vidole uliyokwisha kuiweka kwa tarehe utakayokuwa umerudi. Halafu niandikie ile karatasi ya kijani imeandikwa tarehe ngapi hasa, na kama kuna safari yoyote kati ya 2019 na 2024 iliyopita mwezi mmoja, hata ile ya arusi.